Muvi ya Kusikiliza

Ninaishi ghorofa ya sita, na ukuta wa kulia ni mwembamba kiasi kwamba najua jirani anaposonga ugali na anapokoroga uji. Jumapili ikifika saa moja jioni, nguo zikishaanuliwa, mwiko wake humezwa na sauti nyingine. Ni ya mwanamume mwenye koo lililokwaruzwa, anayezungumza kama mtu anayepanda ngazi mbili mbili huku amebeba habari. Anawaambia watu wa ghorofa ya pili, ya nne na ya saba, kila nyumba kwa dakika yake, kwamba adui amefanya kosa: amempiga steringi, yaani shujaa wa muvi, akamwacha hai.

Hapa Pipeline, hiyo ndiyo sinema yetu.

Mtaa huu uko Embakasi Kusini, karibu na Barabara ya Outer Ring, na jina lake limetokana na bomba la mafuta. Majengo yake yamesongamana hivi kwamba mtu wa dirisha hili anaweza kumpitishia chumvi mtu wa dirisha lile. Nyumba nyingi ni chumba kimoja, kumi kwa kumi kama tunavyosema, yaani futi. Humo mna kitanda, pazia, jiko, mitungi ya maji, na televisheni iliyotundikwa ukutani kwa sababu sakafuni hakuna pa kuiweka. Sinema zenye viti laini zilikuwa za mjini: Kenya Cinema, Odeon, Cameo, na ile Globe iliyouachia mzunguko wa barabara jina lake. Kwenda huko kulihitaji nauli, viatu vilivyopigwa rangi, na sababu ya kueleza ulikokuwa. Mitaa ya Eastlands ilipata vibanda vya video. Mabati, mabenchi, televisheni moja na deki, ubao nje wenye majina ya muvi yaliyoandikwa kwa chaki na kwa tahajia ya kila mtu. Kiingilio cha utotoni mwangu kilikuwa shilingi kumi, na wasio nazo walitazama kupitia matundu ya misumari.

Vibanda bado vipo, ila siku hizi vingi hujaa kwa mpira wa Uingereza kuliko kwa muvi. Muvi zenyewe zimehamia kwenye flashi. Unaenda kwenye duka la muvi, unampa kijana flashi yako, anakuuliza swali moja: “Yenyewe, ama ya DJ?” Yenyewe ni filamu kama ilivyotoka kwao. Ya DJ ni ile iliyowekewa maneno kwa Kiswahili na Sheng juu ya sauti ya wenyewe, na aliye maarufu kuliko wote katika kazi hiyo hapa Kenya ni DJ Afro. Wapo wengine wengi. Nataka kuizungumzia kazi yao polepole, kwa sababu watu wa mjini wakiitaja huitaja kwa kicheko, na mimi naona wanacheka mapema mno.

Wanaocheka hudhani kazi ni kutafsiri, na kwamba DJ anaitafsiri vibaya. Kweli, ukiwa na Kikantoni au Kitelugu utagundua kwamba anachosema na kinachosemwa havijawahi kukutana. Lakini hebu tazama chumba. Jumapili jioni mama anakaanga sukuma na mgongo wake uko kwenye skrini. Binti anasukwa, kichwa kimeinamishwa, macho yake yanaona sakafu tu. Mtoto anamalizia kazi ya shule kitandani. Baba anapiga pasi shati la Jumatatu, na mtu anayepiga pasi akiinua macho ataunguza kola. Katika chumba hicho hakuna jicho hata moja lililo huru kutazama muvi kwa saa mbili. Masikio ndiyo yaliyo huru. DJ mzuri anajua hilo, na anamfanyia kazi mtu aliyegeuza mgongo.

Kwa hiyo hasemi maneno tu. Anasema kinachoonekana: fulani anageuka, hajamwona aliye nyuma ya mlango, mkono unaenda kiunoni, kumbe bastola imeachwa kwenye gari. Anasoma barua zinazofunguliwa. Anasoma kibao cha duka, kichwa cha gazeti, jina lililochongwa kaburini. Mtu anayekaanga sukuma hahitaji kugeuka isipokuwa aitwe, na DJ ndiye anayemwita. Huinua sauti nusu daraja, “ngoja, ngoja, ngoja”, na nyumba nzima ikainua vichwa kwa pamoja, pasi ikasimamishwa, teke likapigwa, kila mtu akarudi kwenye shughuli yake. Nimewahi kuhesabu: katika dakika ishirini alituita mara nne, na mara zote nne palikuwa na kitu cha kuona. Hakutuibia jicho hata moja.

Ukoo wa sauti hiyo si wa kutafuta mbali. Sisi tuliokulia kwenye redio tulitazama mpira kwa masikio. Marehemu Leonard Mambo Mbotela alitufanya tuuone mpira ukitoka kwa beki hadi wingi ya kulia wakati tuliokuwa nao mbele yetu ulikuwa mfuko wa viazi na redio ya betri. Mtangazaji wa mpira anajua kwamba asiposema nani ana mpira, mpira haupo. DJ wa muvi amechukua sheria hiyohiyo akaipeleka Hong Kong.

Sasa nenda kwenye pumzi, maana hapo ndipo kazi ilipo. Vifaa ni vichache: kompyuta, kipaza sauti, kimashine cha kuchanganyia sauti, na chumba kisicho na jirani mwenye mtoto mchanga. Sauti ya filamu hashushi mpaka chini kabisa. Anaiacha ikiugulia kwa mbali ili ngumi ziwe na mlio na muziki uwe na hofu yake, na kidole hakitoki kwenye kitufe. Mhusika anafungua mdomo kwa nusu sekunde. Kikantoni kimemaliza sentensi. Kiswahili, chenye viambishi mbele na nyuma, kinahitaji nafasi: “nitakulipizia” peke yake ni silabi saba. DJ mchanga hubana maneno yaingie mdomoni mwa mtu, na matokeo yake ni kama mguu wa namba tisa kwenye kiatu cha namba sita. DJ aliyekomaa huanza kabla mdomo haujafunguka na kumaliza ukiwa umeshafungwa. Kwa kuwa ameshakuzoesha kwamba yeye ndiye anayesimulia, hushangai sauti kuendelea juu ya uso uliotulia. Unaona kama mtu yule bado anayawaza aliyoyasema.

Kuna wanaosema huko ni kuiharibu sauti halisi ya mwigizaji. Nikisikia hivyo huwakumbusha kwamba muvi nyingi za kungfu za miaka ya 1970, zile tulizokua nazo, zilipigwa bila sauti na kutiwa maneno baadaye studioni. Sauti unayotaka kuilinda haikutoka kwenye kile kinywa hata siku ya kwanza.

Halafu kuna majina. Nilitazama ile muvi ya 1978 ya vyumba thelathini na sita vya Shaolin kwenye kinyozi kimoja hapa chini, nikisubiri zamu. Watawala wanaowanyanyasa raia, ambao mwanahistoria angehitaji ukurasa mzima kuwaeleza, DJ aliwaita kanjo. Neno moja, basi. Kila mtu kwenye lile benchi aliyewahi kunyang'anywa ndizi au mkokoteni na askari wa jiji akaielewa siasa ya nasaba nzima ya Uchina. Baadaye yule mwanafunzi anabebeshwa ndoo za maji, mikono imenyooshwa, visu vimefungwa mikononi ili akiilegeza ajichome. DJ akanyamaza, akamwacha apande kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba huyo bado hajapanda ghorofa ya saba na mtungi wa lita ishirini. Kinyozi alizima mashine ili acheke bila kunikata sikio.

Mzaha huo ulikaa mahali pake kwa sababu ya ule ukimya ulioutangulia. Hilo ndilo jambo ninaloliheshimu kuliko yote. Mtu anayelipwa ili aseme anajua wapi asiseme. Mama wa steringi anapokufa, DJ mzuri huondoa mkono, huinua sauti ya filamu, na huacha kilio cha Kihindi kilie kwa Kihindi. Hakuna anayehitaji tafsiri ya kilio. Wapo wasiojua hilo, na ni wengi. Hupiga porojo juu ya maiti, huwatukana wanawake wa kwenye picha kwa matusi yaleyale tangu mwanzo hadi mwisho, hujitangaza katikati ya sala. Hao siwatetei.

Mjerumani Matthias Krings, aliyewachunguza wasimulizi wa video wa Tanzania, akiwemo Lufufu wa Dar es Salaam, aliipa makala yake ya mwaka 2012 jina la kuugeuza wali kuwa pilau. Mfano huo umenikaa. Lakini mpishi yeyote wa pilau atakuambia kwamba viungo si kazi. Kazi ni punje. Kila punje ibaki imesimama peke yake, imelowa viungo lakini haijavunjika. DJ mbaya anapika bokoboko.

Na kwa kuwa tumeshaingia jikoni, acha niseme kuhusu mvinyo. Rafiki yangu mmoja alinialika Kilimani kwenye jioni ya filamu na mvinyo. Tulikuwa watu kumi na wawili, matakia sakafuni, filamu ya Kifaransa ukutani, na dada mmoja aliyetueleza kwa upole kwa nini divai hii nyeupe inaenda na nusu ya kwanza na ile nyekundu na nusu ya pili. Sikucheka. Nilimsikiliza vizuri, kwa sababu alijua alichokuwa akisema: kinywaji kikali kinaua filamu laini, na utamu ukija mapema ulimi unachoka kabla ya mwisho. Mojawapo ya zile chupa ilikuwa Leleshwa ya Naivasha, nikafurahi kuona zabibu za nyumbani kwenye meza ile. Nilirudi Pipeline kwa matatu ya saa nne usiku nikiwa na wazo moja tu, kwamba elimu ile tunayo.

Huku kila kona ina duka la wainsi. Kibao kinataja mvinyo, ila kinachotoka kupitia nondo za dirisha ni kota ya kitu kikali, na mvinyo ni ile chupa tamu nyekundu ya Afrika Kusini inayonunuliwa siku ya mshahara na wapenzi wapya. Hao huitazama muvi yenyewe, si ya DJ, na hawaimalizi. Walio wengi huambatanisha kwa njia nyingine. Anayetafuna muguka ana karanga upande huu wa shavu na chingamu ya Big G upande ule ili kuua uchungu, na soda karibu. Huyo ana usiku mrefu, hivyo anastahili Mhindi wa saa tatu mwenye nyimbo sita na pacha aliyepotea. Kungfu huenda na mutura, kwa kuwa mutura huliwa kwa kusimama, vipande vidogo, chumvi na kachumbari, na pigano moja ni sawa na kipande kimoja. Muvi ya vita vya Wamarekani huenda na mayai ya kuchemsha. Sijui sababu, lakini ndivyo ilivyo. Wale wanaotoka zamu ya usiku viwandani hutazama saa mbili asubuhi kwa chai ya maziwa na mandazi, na hao hawataki risasi, wanataka mapenzi yanayokwenda taratibu hadi usingizi uwachukue. Na kuna ile ya Jackie Chan ya 1978, ambamo mwalimu mlevi anamfundisha kijana kupigana kwa mtindo wa kilevi. Hiyo inywewe na maji. Pombe yote iko kwenye skrini tayari.

DJ anajua haya yote. Ukisikiliza vizuri utamsikia akimpa mtafunaji vituo vya kupumzika, akirudia kisa kila baada ya dakika kumi na tano kwa ajili ya aliyetoka kununua vitunguu: “sasa huyu ndiye yule aliyechomewa nyumba, mnakumbuka.” Kurudia huko wahakiki hukuita uvivu. Mimi nakuona ni adabu, kama mwenye nyumba anayemweleza mgeni aliyechelewa mazungumzo yamefika wapi.

Watu wa kumweleza mtazamaji picha walikuwepo duniani kabla ya hawa. Japani ilikuwa na benshi, waliosimama kando ya filamu bubu wakiisimulia, na baadhi yao wakawa na majina makubwa kuliko waigizaji. Filamu zilipoanza kuzungumza, miaka ya 1930, kazi ikawaishia. Huku kwetu, miaka hiyohiyo, kuanzia 1935 hadi 1937, Waingereza walikuwa Vugiri, milima ya Usambara, wakitengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika kilimo na afya. Maneno yaliwekwa kwenye santuri zilizochezwa sambamba na picha, na santuri na picha hazikusikilizana kila mara. Ule mradi ulikufa. Kilichonishangaza ni kwamba Japani msimulizi aliuawa na filamu yenye sauti, ilhali Afrika Mashariki alizaliwa juu ya filamu yenye sauti. Uganda wanaye katika kila kona, wanamwita VJ. Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitoa muvi yake ya Captain Alex mwaka 2010, na VJ Emmie akaisimulia kwa Kiingereza, akiitania huku anaisifu, na watu wa mbali wasiojua Kampala iko wapi wakaipenda kwa sababu ya ile sauti.

Kuna upande wa sheria, na siwezi kuuruka. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 humpa mwenye filamu haki ya kuamua ni nani aitafsiri, na wengi wa ma-DJ hawajawahi kumwomba mtu. Ni kweli. Lakini pia ni kweli kwamba DJ mwenyewe huibiwa kabla kazi haijapoa. Akiitoa Ijumaa, Jumamosi iko kwenye kila duka la muvi kuanzia Tassia hadi Kwa Njenga, shilingi ishirini kwa kila flashi, na hapati hata senti. Ndiyo maana hulitaja jina lake kila baada ya muda mfupi, mpaka mtu akaudhika. Zamani niliudhika pia. Kisha nikakumbuka kwamba watunzi wa tenzi za pwani walifanya hivyohivyo. Mwana Kupona alilitaja jina lake ndani ya utendi wake, na waliounakili kwa mkono miaka na miaka walilazimika kulinakili na jina. Asiye na lakiri hujifunga ndani ya maneno yenyewe.

Jumapili iliyopita niliweka Eega, muvi ya Kitelugu ya mwaka 2012. Kijana anauawa na tajiri anayemtaka msichana wake, anazaliwa upya akiwa nzi, na nzi huyo anarudi kulipiza. Kwa DJ huo ni mtihani wa mwisho, kwa sababu steringi hasemi neno. Hana mdomo wa kuujaza wala wa kuukimbilia. Huyu niliyemweka, ambaye sitamtaja, aliubeba mtihani kwa ustadi ambao sikuutegemea. Nzi hakupewa sauti ya kuchekesha. Alisimuliwa kwa nje, polepole, kama daktari anayeeleza upasuaji: anajaribu bawa la kushoto, linakubali, anajaribu la kulia. Tajiri analala, nzi anaingia sikioni, anatoka, anaingia. Msichana, ambaye kazi yake ni kutengeneza sanaa ndogo za kutazamwa kwa kioo cha kukuzia, baadaye atamtengenezea nzi vifaa vya vita, lakini hapa bado. Nyumba yangu ilikuwa tupu, nilikuwa naosha vyombo kwenye karai, na nilikuwa sijageuka kwa dakika kumi nzima.

Kisha tajiri anapata ajali ya gari kwa sababu ya yule nzi, na nzi anatembea juu ya kioo cha mbele, miguu yake ikiacha maandishi. Muziki ukapanda. Nikasubiri DJ asome. Hakusoma. Labda alikuwa anakunywa maji, labda alidhani picha inatosha. Nikageuka, nikaona mwenyewe, nikarudi kwenye sufuria.

Ukuta ukagongwa mara tatu.

“Jirani,” sauti ya mama wa upande wa kulia. Nilikuwa sijui kwamba tunatazama pamoja. “Jirani, samahani. Ameandika nini?”

Nikaweka sufuria chini, nikafuta mikono, nikausogelea ukuta ili anisikie vizuri juu ya muziki.

“Nitakuua!” nikamwambia.

Korido yote ikanyamaza. Sijui ni nani aliyemwita keateka, mtunza jengo, lakini alikuja mbio, viatu mkononi, na ilinibidi nimrudishie ile sehemu ndipo aamini. Alisimama mlangoni mpaka mwisho.